Ghala la Mehetabeli

"Nipeni masikio!"
"Chukua, ni yako!"
"Na mwenye usingizi?"
"Tutamfinya!"

Hapo kale, ng'ambo ya Atlantiki, watu wa Amerika walitawaliwa na mfalme wa Uingereza. Mfalme akawatoza kodi ya karatasi, hakuwauliza. Akawatoza kodi ya chai, hakuwauliza. Wakanung'unika. Akawaletea askari, hakuwauliza.

Askari watalala wapi? Sheria ya mfalme ilisema: katika majengo matupu.

Palikuwa na mjane, Mehetabeli, mwenye watoto wanne na ghala moja. Humo alisokota nyuzi za sufu, na nyuzi ndizo zilizowalisha watoto. Siku moja sufu ilikuwa imemwishia. Kapteni Lofti, mkuu wa askari wa mfalme, akachungulia ghalani.

"Tupu hili. Kesho naleta vijana wangu."

Mehetabeli hakulia. Alie saa ngapi, na watoto hawajala? Akaenda kwa jirani yake, Ketura.

"Shoga, beba gurudumu lako la kusokotea, na sufu. Waite na wenzako."

Asubuhi Kapteni akaja na askari. Krrr, krrr, krrr! Wanawake wamejaa, wanasokota.

"Jengo hili ni tupu!"

"Kwani sisi ni buibui, baba?" akauliza Ketura.

Kapteni akaondoka, akarudi mchana. Krrr, krrr, krrr!

"Mtakwenda kupika!"

"Vyungu hivi hapa."

Akarudi jioni, mvua inapiga. Krrr, krrr, krrr!

"Mtakwenda kulala!"

"Watoto wetu hawa hapa. Karibu uwabembeleze."

Watoto wakaangua kilio, wote pamoja. Kapteni akageuka, akaenda zake. Ketura akacheka hadi akashika mbavu. Mehetabeli hakucheka. Alimtazama askari wa mwisho, kijana mdogo, viatu vimepasuka.

"Na huyu naye," akasema, "nani alimuuliza?"

Mara wakaja wanaume wa mji, Obadia mbele, wanasukuma mapipa ya baruti.

"Hongera, dada! Sogezeni magurudumu. Baruti tunaificha humu, tupigane na mfalme."

Mehetabeli akasimama mlangoni. "Obadia, una ugomvi gani na mfalme?"

"Anaamua mambo yetu bila kutuuliza!"

"Na ghala hili ni la nani?"

Obadia akavua kofia. Mvua ikanyesha juu ya mapipa.

"Basi, mama... tunaomba."

"Sasa umeuliza. Jibu ni hapana. Wanangu wanalala humu."

"Mzigo wangu nimeutua!"
"Tumeupokea!"
"Haya, mkalale."