Kikohozi cha Ng'ambo

Wapendwa, hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na macho haya mawili, ambayo mnajua hayajawahi kuvaa miwani, yaliona kila kitu.

Kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi kando ya Ziwa Nyasa. Siku ya kumzika mama yao alikosana na mdogo wake, akamwambia mbele ya watu, "Kuanzia leo sina mdogo." Mdogo akahamia ng'ambo ya ghuba. Miaka minne ikapita.

Sasa, ziwa lile lina siku zake. Masika yakiisha, kabla baridi haijaleta upepo wa Mwera, linatulia kama wiki moja hivi. Linanyamaza hasa. Kunguru akitua ng'ambo unamsikia anavyokunja mbawa. Asubuhi moja ya wiki hiyo mfinyanzi yuko ufukweni anachota maji, akasikia mtu anakohoa kule. Kikohozi kirefu, kibaya. Akakijua. Utakosaje kukijua kikohozi cha mtu mliyelala naye mkeka mmoja utotoni?

Akaenda kwa shemeji yake mwenye mtumbwi.

"Shemeji, mtumbwi una ufa huu. Subiri niuzibe, mwezi ujao utavuka."

"Mwezi ujao Mwera utakuwa unavuma. Havuki mtu mpaka Agosti."

"Si uvuke hiyo Agosti? Miaka minne umeiweza, miezi miwili ndiyo ikushinde?"

"Yule anayekohoa hana miezi miwili. Nipe kafi."

Akapiga kafi yeye, maji yanaingia. Aliyekuwa akiyachota kwa chungu na kuyamwaga ni mimi, na mnaniona sijazama.

Akabisha hodi.

"Nani?"

"Dada yako."

"Dada yangu alisema hana mdogo. Wewe umemfuata nani hapa?"

"Alisema uongo, tena makaburini. Nimekuja kuufuta kabla mmoja wetu hajazikwa."

Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguka, wakaangukiana shingoni.

Na sisi je? Tunapiga magoti tukimwomba Mungu atutulizie mawimbi. Anatuliza. Wiki nzima nyumbani hakuna mgonjwa, hakuna msiba, hakuna kesi kwa mwenyekiti. Tunafanya nini? Tunajinyoosha mkekani. Nani alikuambia utulivu ule ni wa kulala? Umepewa usikie nani anakohoa upande wa pili. Ukishasikia, vuka, hata kama mtumbwi una ufa.

Niungame jambo moja kabla sijakaa. Ule mlango nimeufungua mimi. Siku ile haukufunguka. Mama yule alikaa kizingitini siku tatu na baridi yake, akimsikia mwenzake anakohoa ndani, na hakuondoka. Komeo lilivutwa siku ya nne. Niliogopa nikitaja siku tatu, baadhi yenu mtaona afadhali mbaki huku.

Basi mkienda, bebeni blanketi.