Kwa Nini Kila Mtoto Ana Mlango Mmoja

Nyinyi mnaolalamika kwamba fanksheni ya hisabati haiingii kichwani, sogeeni hapa. Kanuni mnayoichekea ililipiwa.

Zamani, katika nchi yetu, mtoto hakuwa na mlango wake, yaani nyumba moja ya kumlisha. Palipofuka moshi ndipo alipokula, wala hakuna aliyemuuliza ni wa nani. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka, maana chakula kilikuwepo. Kisha ikaja njaa, njaa ya kuchimba mizizi, na watu wakaanza kuulizana nani amlishe nani.

Nyamizi alikuwa yatima. Kalunde, mama yake mkubwa, alisema, huyu wangu. Mwashi, mke wa mjomba wake, naye akasema, wangu. Mawifi hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake sifa. Wazee waliogopa kuwaudhi, wakakata shauri awe wa nyumba zote mbili. Watu wakamwonea wivu mtoto yule. Wivu, jamani!

Kila Kalunde aliposhika mwiko alimtazama mtoto na kuuliza, "Kwa wifi hawajapika?"

"Wamepika, mama mkubwa," alijibu Nyamizi, maana alilelewa asiombe.

Moyo wa Kalunde ulitulia upesi mno, akafunika chungu. Kwa Mwashi mtoto alijibu vivyo hivyo. Kalunde aliona mtoto anakonda, macho anayo, lakini alijiambia kwamba uchoyo ni wa wifi na aibu itamrudia mwenyewe.

Jirani yao, bibi Kabula, alirundika watoto wa watu kwenye chungu kimoja cha uji mwepesi. Waligombania ukoko, wakapigana viwiko, wakaishi. Nyamizi alikutwa mchana amelala njiani, kati ya nyumba zake mbili. Hakuamka.

Msibani Kalunde alimrukia wifi yake. "Nilijua amekula kwako!"

"Na mimi nilijua amekula kwako," Mwashi alisema, na kilio kikawakauka wote wawili.

Ndipo wazee wakaweka sheria, wakiwa wamechelewa kama kawaida yao: kila mtoto apewe mlango, asisahauliwe hata mmoja, na asipewe milango miwili. Watoto wengi kwa mlango mmoja, ruhusa. Mlango usio na mtoto, ruhusa pia. Kalunde aliomba apewe mtoto mwingine, akaomba kila mavuno, mpaka akazeeka. Hakupewa.

Na tangu siku hiyo, kila mtoto wa huku ana mlango mmoja. Mnapochora mishale yenu kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, angalieni hilohilo: kila aliye katika la kwanza atoe mshale, na asitoe zaidi ya mmoja. Hiyo ndiyo fanksheni. Mishale ikirundikana mahali pamoja, iacheni. Na kama katika kundi la pili yuko asiyefikiwa na mshale wowote, msifute kitu, sheria haijavunjwa. Mngemuuliza Kalunde kama hilo lilimfariji.