Nyamizi na Kuku Weupe Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama watu wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sukumeni kuni ndani, mjifunike miguu. Ngano ya leo haina kicheko, na atakayetaka kicheko aje kesho.

Zamani za kale, enzi ambazo mtu na kuku waliongea wakaelewana, aliishi mwanamke jina lake Nyamizi. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto wake wawili nao walikuwa wamefariki. Alibakiwa na mmoja tu, binti mdogo aitwaye Kalunde, na huyo naye akaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyekundu kama vumbi. Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki.

Mkunga wa kijiji alimtazama mtoto, akasema, "Nyamizi, huyu hana ugonjwa wa kupungwa pepo. Uji mtupu umemchosha. Mpe yai kila siku hadi mvua zijazo zikatike, atasimama."

"Yai nitalipata wapi, bibi? Mimi sijawahi kufuga hata kifaranga."

"Basi anza kufuga."

Siku ya gulio Nyamizi alivua bangili za shaba alizoachiwa na mama yake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kutafuta kuku. Alifuatana na wifi yake, Mboje, dada wa marehemu mumewe. Mboje hakujaaliwa mtoto, lakini kuku aliwajua toka utotoni.

Mchuuzi alikuwa na matenga matatu. Nyamizi akachuchumaa mbele ya tenga la kwanza. Humo alikuwemo kuchi, mrefu wa miguu, shingo imesimama kama ya askari.

"Wewe unataga mayai mangapi?" Nyamizi akauliza.

"Machache," akasema kuchi. "Mimi ni wa nyama na ugomvi. Nikizaa majogoo, kijiji kizima kitakuja kutazama wakipigana."

Nyamizi akasogea tenga la pili. Humo alikuwemo kishingo, mtetea mdogo wa rangi ya majivu, shingo haina unyoya hata mmoja.

"Wewe unataga mayai mangapi?"

"Kumi, kumi na mawili, kisha naatamia. Nikiatamia sitagi. Nikitoa vifaranga nawalea, halafu naanza tena."

Nyamizi akasogea tenga la tatu. Humo walikuwemo kuku weupe watatu walioletwa kutoka mbali, wanene, vilemba vyekundu vimeanguka jichoni.

"Ninyi mnataga mayai mangapi?"

"Kila siku," akasema wa kwanza.

"Kila siku," akasema wa pili.

"Kila siku," akasema wa tatu.

Nyamizi akaanza kufungua pindo la kanga. Mboje akamshika mkono.

"Wifi, ngoja. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Chukua kishingo. Anajua kuchakura, anajua kujificha, anajua kulea. Hawa weupe ni wa mtu mwenye banda na ghala."

"Nikimchukua huyo, akiatamia, Kalunde atakula nini?"

"Atakula machache, lakini hayatakatika moja kwa moja. Wifi, nisikilize."

"Nikusikilize wewe?" Nyamizi akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu. "Wewe hujazaa, Mboje. Huwezi kujua."

Mchuuzi aliinama akajifanya anafunga kamba. Mboje aliuachia ule mkono. Alimnunua kishingo yeye mwenyewe, akamkumbatia kifuani, akaondoka bila kuaga.

Nyamizi akabeba weupe wake watatu.

Nao hawakuwa waongo, wasikilizaji wangu. Asubuhi ya kwanza, mayai matatu. Asubuhi ya pili, mayai matatu. Asubuhi ya tatu, mayai matatu. Kalunde alikula, na baada ya siku chache miguu ikaanza kunywea. Siku moja alitoka nje mwenyewe, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akamcheka panzi. Nyamizi alimtazama toka mlangoni, akaingia ndani kulia ili mtoto asimwone.

Lakini kuku walikuwa wakiita.

"Tupe mtama," akaita wa kwanza.

"Chakureni uani, kuna mchwa tele."

"Kuchakura hatujui. Tupe mtama," akaita wa pili.

"Tupe mtama," akaita wa tatu.

Akawapa. Mtama wa ndani ukaanza kupungua, na Nyamizi akaacha kula mchana. Akawaza: nitaweka mayai waatamie, nipate wengi. Akatengeneza kiota cha majani makavu, akawaweka. Wakasimama wote watatu.

"Kuatamia?" wakashangaa. "Hilo nalo hatulijui."

"Mbona hamkuniambia gulioni?"

"Ulituuliza tunataga mangapi. Tukajibu."

Siku iliyofuata mwewe alishuka juu ya mmoja wao. Kuku mweupe juu ya udongo mwekundu anaonekana toka mbinguni, na yule hakujua hata kukimbilia kichakani. Nyamizi alibaki ameshika manyoya.

Wiki haikuisha, akaja kicheche. Kuku wenyeji hulala juu ya miti. Huyu mweupe wa pili alikuwa mzito, hakuweza kuruka hata kimo cha jiwe la kusagia. Asubuhi alikutwa amelala, koo limefunguka.

Akabaki mmoja. Nyamizi akamwingiza ndani, akalala naye yeye na mtoto. Ndipo mvua za masika zikaanza, na pamoja na mvua ukaja mdondo, ule ugonjwa unaopita nyumba hadi nyumba na kumaliza kuku. Yule mweupe aliinamisha kichwa.

"Taga leo tu," Nyamizi akamsihi. "Taga leo tu, mama, leo tu."

"Nilikuwa nataka," akasema kuku. Akafa.

Kalunde akarudi kwenye uji mtupu. Miguu ikavimba tena, na safari hii uso nao ukavimba. Hakulia. Mtoto asiyelia anatisha kuliko anayelia.

Siku ya nne tangu kuku wa mwisho afe, Nyamizi alikwenda kwa Mboje. Alimkuta hayupo, yuko shambani. Nyuma ya nyumba, ndani ya chungu kilichovunjika, alilala kishingo juu ya mayai yake. Mdondo haukumgusa.

"Nipe moja," Nyamizi akasema.

"Haya si ya kula tena," akasema kishingo. "Siku kumi na moja nimeyalalia."

"Nipe moja tu."

Akaingiza mkono. Kishingo alimdonoa mpaka damu ikatoka, lakini Nyamizi hakuuondoa mkono. Alitoa yai, likiwa na joto la tumbo la mama, akalipasua juu ya bakuli. Hakikutoka kiini. Kilitoka kitoto chenye macho makubwa meusi, na ndani ya ngozi yake kitu chekundu kilidunda, kikadunda, kikaacha.

Mboje aliporudi alimkuta wifi yake amekaa chini, bakuli mapajani.

"Nisamehe," Nyamizi akasema. "Nisamehe kwa yai. Nisamehe kwa lile neno."

Mboje akaketi udongoni kando yake.

"Yalikuwa kumi na mawili, wifi," akasema. "Kabla hajaatamia nilipakia sita kwenye kibuyu nimletee Kalunde. Nilifika hadi kwenye uzio wako. Nikakumbuka neno lako, nikayarudisha kiotani."

Waliinuka, wakaenda pamoja kwa mtoto. Mboje alizunguka nyumba kumi akiomba yai, lakini mdondo ulikuwa umepita nyumba zote kumi. Kalunde alifariki keshokutwa yake mchana, mvua ikinyesha, kichwa kwenye paja la mama, miguu kwenye paja la shangazi.

Vifaranga wakaanguliwa. Wakakua. Mboje alichagua mitetea wanne, akawapeleka kwa Nyamizi ndani ya tenga, akawaweka uani. Nyamizi hakuwakataa. Walichakura, wakajificha mwewe alipopita, wakalala mitini.

Tangu hapo hapajatokea uwanja wenye kuku wengi kama wa Nyamizi. Wanaoanza kufuga humwendea wakamuuliza wachukue kuku gani, naye huwaambia, "Muulize anakula nini. Muulize analala wapi. Muulize mwewe akija anafanya nini. Mayai uliza mwisho." Huwapa na mitetea, hadai chochote.

Lakini kila asubuhi, mtetea wa kwanza akilia kuwa ametaga, Nyamizi hutoka, hulichukua lile yai, na kulishika kiganjani. Husimama nalo hapo uani mpaka lipoe.

Ngano yangu imefika hapa, na hapa ndipo ninapoitua.