Kidole cha Kasanda

Kisa hiki nimekibeba tangu nikiwa mdogo kama ninyi, na mgongo umechoka. Nikitue?

"Kitue, bibi."

Basi zamani, zamani ile ambayo hata wazee wangu waliisikia tu, alifariki mtemi Mugalula. Mkuki wake ulikuwa wa shubiri kumi na tatu, na ulipaswa kuzikwa mzima, ndani ya sanduku. Lakini shimo lilikuwa limekwisha kuchongwa kwenye mwamba, nalo halikupokea sanduku lililozidi shubiri kumi na mbili. Mnaiona balaa hiyo?

Kazi akapewa seremala Kasanda. Na mila ilikuwa hivi, wajukuu zangu: mwenye kutengeneza sanduku la mtemi hasemi neno tangu ubao wa kwanza mpaka maziko. Mkuki usipoingia, anauawa yeye. Akisema, anauawa yeye na watoto wake. Mila mbaya, nasema mimi, na sijali nani ananisikia.

Kasanda akapima, akakata, akanyamaza. Akapima, akakata, akanyamaza. Urefu shubiri kumi na mbili, upana nne, kimo tatu.

Siku ya tatu wakaja wazee, mbele yao Lubango, mshauri wa mtemi. Wakaulaza mkuki ndani ya sanduku. Haukuingia. Wakaulaza toka pembe hadi pembe, palepale chini. Ukazidi vidole vinne.

"Kasanda, umemwaibisha mtemi," Lubango akasema.

Kasanda akagusa pembe ya chini, miguuni. Kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya juu, kichwani, upande wa pili. Akagusa chini, akanyoosha juu. Akagusa chini, akanyoosha juu, jasho likimtoka.

"Anafanya nini huyu?" mzee mmoja akauliza.

"Anamwomba Mungu," Lubango akajibu. "Mwacheni amalize."

Wakamwacha amalize. Kisha wakampeleka korongoni, wakamuua, naye hakusema neno. Nikifika hapa moyo huniuma, na mtu mwenyewe sikumwona.

Akafika binti yake wa pekee, Nyanzala, na chakula cha baba. Huyu ndiye aliyemshikia kamba ya kupimia tangu utotoni. Akaambiwa yaliyotokea. Hakulia. Akaweka chungu chini, akaitwaa kamba.

"Tazameni ubao wa kichwani," akasema. "Nne na tatu zimekutana kwa pembe mraba. Mshazari wake, toka pembe hadi pembe, ni tano." Akapima, ikawa tano. "Sasa tano hiyo imekutana kwa pembe mraba na urefu, kumi na mbili. Mshazari wake ni ngapi, wazee wangu?"

Akavuta kamba toka pembe ya chini, miguuni, mpaka pembe ya juu, kichwani, upande wa pili. Kumi na tatu.

Akauchukua mkuki, akaweka kitako chini na ncha juu. Ukaingia wote. Kifuniko kikafunga.

"Baba aliwaonyesha," akasema. "Ninyi mkatazama mbinguni."

Lubango akakaa chini kwenye maranda. Chakula kilikuwa bado cha moto.

Basi, wanangu, asiyeweza kusema akiwanyooshea kidole, kifuateni mpaka kinapoishia, ndipo mwamue. Kisa nimekitua. Atakayekiinua asipunguze kitu.