Ndugu wa Mwisho wa Kunde

Hapo zamani za kale, watoto wangu, Kiboko alikuwa na manyoya mwili mzima, tena marefu, na alikaa nchi kavu kama sisi. Kuoga hakujui. Akija kukutembelea, harufu ilipiga hodi kabla yake. Msiniulize nani alimwona. Mimi nimesimuliwa, na sasa nawasimulia.

Mwaka mmoja mvua zikakataa kunyesha. Chakula kikabaki bondeni tu, pale mto ulipochelewa kukauka: kunde, choroko, nyanya, mabilinganya, na uyoga kidogo. Wanyama wakagombana mpaka wakang'atana masikio. Ndipo Kiboko na rafiki yake Nyati wakaitisha baraza.

"Tugawane kwa koo, kama mila isemavyo!" akanguruma Kiboko. "Mimi nachukua ukoo wa kunde. Wote!"

"Na mimi ukoo wa nyanya," akadakia Nyati. "Nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu, hao wote tumbo moja."

"Na sisi wengine?" akauliza Pimbi. Huyu alikuwa mjane mdogo wa majabalini, hazidi sungura kwa kimo, na ana watoto wa kulisha.

"Ninyi si mna uyoga? Ukiisha, nendeni pwani mkale mwani! Ha! ha! haa!" akacheka Kiboko.

Mila yenyewe ilikuwa hivi. Anayedai ukoo wa mimea hukaa mkekani mbele ya watu wote, akaonja kila ndugu wa ukoo ule. Akiwameza wote, ukoo ni wake. Akimtema mmoja, amewatema wote, na chakula kinarudi kwa kila mtu. Mila hiyo waliitunga wenye matumbo makubwa, maana kuonja kwao ni kushiba kwetu.

Pimbi akarudi kwake. Hakuogopa sana, kwa sababu nyuma ya nyumba alikuwa na mbaazi aliyoipanda kwa mkono wake, na hiyo ndiyo iliyowaweka wanawe hai.

Asubuhi akasikia: kwanyu! kwanyu! Akatoka mbio. Kiboko amesimama katikati ya ua, anakwanyua matawi.

"Bwana mkubwa! Hiyo mbaazi yangu!"

"Yako?" Kiboko akachuma ua moja la manjano, akamsogezea puani. "Ua hili lina sura ya nini?"

"Ya kipepeo."

"Na ua la kunde?"

"Kipepeo pia."

"Kikonyo kimoja cha mbaazi kina majani mangapi?"

"Matatu."

"Na cha kunde?"

"Matatu."

"Basi! Mwenye ua la kipepeo, majani matatu na ganda lenye mbegu, huyo ni ndugu wa kunde. Ukoo hauulizi umezaliwa uani kwa nani. Kesho nitamwonja mkekani, halafu nitakuja kumchukua mzimamzima."

Watoto wa Pimbi wakaangua kilio. Pimbi akalichukua lile ua, akaligeuza huku na huku.

"Ni kweli, bwana mkubwa," akasema mwishowe. "Ua, majani, ganda. Utayasema hayo hayo kesho mbele ya watu?"

"Nitayasema kwa sauti!"

"Haya. Safari njema."

Kesho yake mkeka ukatandikwa. Kiboko akayasema, tena kwa sauti, mpaka ndege wakaruka mitini. Kisha akaanza kuonja. Akala kunde, kafu! Akala choroko, kafu! Akala njugu mawe na maganda yake. Akala tawi la mbaazi ya Pimbi, na watoto wa Pimbi wakalisindikiza kwa macho mpaka likazama.

"Bweee!" akacheua. "Nimemaliza. Ukoo ni wangu!"

"Bado ndugu mmoja," ikasema sauti nyembamba.

Alikuwa Pimbi. Amebeba furushi la jani la mgomba kwenye ncha ya fimbo ndefu, ameliweka mbali na pua yake, na anatembea polepole. Akaliweka mkekani, akalifungua kwa fimbo. Ndani mna mmea utambaao, wenye maua ya zambarau na maganda yenye manyoya ya kahawia.

"Upupu!" wakapiga kelele waliokaa mbele, wakarudi nyuma. Nyati alikuwa wa kwanza kurudi.

"Huyo si ndugu yangu!" akafoka Kiboko.

"Jamani," akasema Pimbi, "ua lake?"

"Kipepeo!" watu wakajibu.

"Majani?"

"Matatu!"

"Na ganda?"

"Lina mbegu!"

"Kila ukoo una mmoja wa namna hii, bwana mkubwa. Hata kwetu yupo. Hatumpendi, lakini akija harusini anapakuliwa. Mkubwa ni jalala, mpokee."

Kiboko akatazama bonde. Akatazama watu. Tamaa ikamshinda. "Ngozi yangu nene hii, upupu utanifanya nini?" Akalibugia ganda zima.

Akatafuna.

"Mnaona? Hakuna chocho—"

Mara: "Yalaa! Ptuu! Ptuu! Nakufaaa!" Midomo ikamwasha, pua ikamwasha, masikio yakamwasha. Akajisugua kwenye mti, kwaru! kwaru! Manyoya yakang'oka mafungu mafungu. Akatimka mbio mpaka mtoni, chubwi!

"Ametema!" watu wakashangilia. "Ametema! Kunde ni zetu sote!"

Pimbi akamgeukia Nyati. Mkononi ana kifurushi kingine, kidogo.

"Bwana Nyati, ukoo wa nyanya nao una ndugu wa namna hiyo, anaitwa mnanaha. Anayemla husalimiana na miti mpaka jua lizame. Karibu mkekani."

"Nyanya?" akasema Nyati. "Nani kataja nyanya? Mimi tangu nizaliwe nala nyasi." Akainama, akaanza kula nyasi hapo hapo, na hajaacha mpaka leo.

Jioni Pimbi akachuma mbaazi zake, akazipika, watoto wakala mpaka wakasinzia na vijiko mkononi. Kiboko bado yumo majini, hana unywele wa kushika. Jua likishazama ndipo hutoka, lisije likamchoma ngozi tupu.

Mkeka nimeukunja, watoto, na neno lake ni hili: ukiutaka ukoo kwa kunde zake, uupokee na upupu wake.