Bi Kidawa na Neno la Vijana wa Shangweni

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akiazimia safari alianza kuaga mwaka mzima kabla, palikuwa na mji uitwao Shangweni, na sultani wake akiitwa Mahadhi. Sultani huyu alipenda mipango kuliko chakula. Alijua atanyoa siku gani mwezi ujao, na mnara anaoujenga utakwisha mwaka gani, baada ya sala ipi. Na katika mji huohuo alikuwako mjane mmoja, Bi Kidawa binti Songoro, asiye na mali ila kikaango cha vitumbua na ulimi wake.

Basi asubuhi moja kijana Badi, mvaa kofia upande aliyejiona mji mzima wake, akamuuliza, "Bi Kidawa, kesho utatukaangia vya nazi au vya hiliki?"

Bi Kidawa moshi ulikuwa umemwingia machoni, na hakuwa na subira ya kuulizwa ya kesho. Akapiga vidole ta! akasema, "Kesho ina mwenyewe!"

Vijana wakacheka hata wakapaliwa. Kufika adhuhuri neno lilikuwa limezunguka mitaa yote, na jioni hapakuwa na kijana asiyelisema. Mama akimwambia mwanawe kesho akachote maji, hujibiwa, "Kesho ina mwenyewe!" na vidole ta! Wakaliandika kwa mkaa kutani, wakalitarizi kwenye kofia. Ikawa msimamizi wa mnara alipowatangazia waje alfajiri kubeba mawe, wakamjibu kwa neno hilohilo, na kweli alfajiri hakutokea mtu, mawe yakabaki yanatazamana.

Sultani akapandwa na ghadhabu, akauliza neno limetoka wapi, na kwa kuwa Shangweni hakuna siri, Bi Kidawa akaletwa na unga wake mikononi.

"Ewe mwanamke," akasema Sultani Mahadhi, "wewe ndiwe uliyeniharibia vijana?"

"Mola wangu, mimi nimeharibu vitumbua tu, na hivyo ni vile vya jana."

"Nakupa siku saba. Neno hilo liondoke katika vinywa vya vijana wote wa mji huu. Siku ya nane nikilisikia kwa kijana hata mmoja, utavushwa mto, wewe na kikaango chako, wala hutarudi."

Hapo mzaha ukamtoka Bi Kidawa. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, na kila usiku alimshika mama yake mkono akimwambia, "Mama, siku ile usiende mbali." Bi Kidawa akaogopa, akaogopa kwelikweli. Na nani amewahi kulitoa neno kinywani mwa kijana? Ukimkataza, umemwongezea sukari.

Akapangusa unga mikononi. Kisha akasema, "Mola wangu, nitaliondoa. Lakini nisaidie kwa mbiu moja. Iamriwe kwamba kila mwenye mvi, akiamkiwa shikamoo, asijibu marahaba peke yake. Aongeze 'Kesho ina mwenyewe,' na apige vidole."

Waziri Shekue akacheka kwa dharau. "Mama huyu anazima moto kwa mafuta ya taa."

"Muda wake ni siku saba," akasema Sultani, "na wa kuvushwa mto ni yeye. Ipigwe mbiu. Nami nina mvi, nitaitii."

Basi mbiu ikapigwa, na wazee wa Shangweni, ambao si watu wa kufanya jambo nusunusu, wakaishika amri kwa mikono miwili. Kadhi akaamkiwa mlangoni mwa msikiti, akajibu kwa sauti ya hukumu, "Marahaba! Kesho ina mwenyewe!" na vidole vyake vikavu vikakataa kulia, akajaribu mara tatu mpaka vikalia. Mabibi wakafundishana uani. Mwalimu wa chuo cha Kurani akalisema huku fimbo i kwapani. Badi akaenda kwa wakweze watarajiwa, naye amevaa vizuri, akamwamkia mama mkwe kwa adabu, na bibi yule mzito akamkonyeza jicho, akatikisa mabega, akasema, "Marahaba mwanangu! Kesho ina mwenyewe!" Ta!

Badi akatamani ardhi impasukie. Akarudi barazani kwa wenzake akasema, "Jamani, neno limekufa. Mama mkwe kalisema na mabega."

"Mabega si kitu," akasema mwenzake. "Babu yangu kalisema bila meno, akanirushia mate."

Siku ya tatu kofia zenye neno zikageuzwa ndani nje. Siku ya tano kuta zikapigwa chokaa, na waliopiga chokaa ni walewale walioandika. Siku ya saba kijana akilisikia neno hilo aliziba masikio kama mtu aliyesikia babaye akiimba harusini.

Siku ya nane baraza likajaa. Sultani akaamuru vijana wote waje, akamwita Badi mbele. "Kesho utabeba mawe?"

Bi Kidawa akaacha kupumua. Badi akafungua kinywa, akamtupia jicho Kadhi aliyekwisha kuandaa vidole, akasema upesi, "Nitabeba, Mola wangu! Hata leo!"

Sultani akafurahi. Akamgeukia Waziri Shekue. "Basi mnara utakwisha kama nilivyopanga. Kesho tutaanzia upande gani?"

"Kesho ina mwenyewe, Seyyidi," akasema Waziri kwa mazoea, na baraza zima la wenye mvi likapiga vidole ta!

Sultani akasimama. "Bi Kidawa! Sikukuamuru uliondoe neno hili?"

"Uliniamuru niliondoe vinywani mwa vijana, Mola wangu, na limeondoka. Hukuniambia nikaliweke wapi. Nilitafuta mahali pa kulihifadhi, nikaona wazee wana nafasi."

"Mwanamke wewe!" Sultani akanguruma. "Na sasa nikufanye nini? Kesho..." akainua mkono kutoa hukumu, na ulimi uliokwisha kuzoea siku saba ukamalizia wenyewe, "...ina mwenyewe!" Ta!

Sultani akavitazama vidole vyake, akashika kifua, akatoa macho. "Ni mimi huyo?"

Badi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Kadhi, na mwisho Sultani mwenyewe, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia magotini. Akampa Bi Kidawa ng'ombe wa maziwa na doti mbili za kanga, akamwambia aende zake akamwangalie binti yake. Bi Kidawa akaenda mbio, analia na kucheka pamoja, na baada ya siku kumi na mbili alimpokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi ya arobaini ya mjukuu, Waziri Shekue akafika jikoni kwake, amekunja uso. "Bi Kidawa, kuna neno jipya. Ukimuuliza kijana nani kaiba embe, anashika kifua, anatoa macho, anasema, 'Ni mimi huyo?' Mji mzima! Sultani anataka kumjua aliyelianzisha."

Bi Kidawa akageuza vitumbua, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mwambie nitamtaja," akasema. "Ila aniahidi kwanza kwamba mtu huyo hatavushwa mto."

Waziri akarudi na jibu hilo, na tangu siku ile Sultani hakuuliza tena. Nami niliyoyasikia ndiyo haya. Mwenye ya ziada, kikaango kingali motoni, asogee aketi.