Pengwini Aliyelisindikiza Zimwi

Sogeeni, na mwenye kusinzia atoke. Huko kwenye barafu, ambako usiku huchukua miezi, pengwini Faki aliatamia yai juu ya miguu yake. Mkewe alikwenda baharini kutafuta samaki. Zimwi la barafu likaja, linalitaka yai.

"Inuka unipokee!"

"Karibu, keti."

"Niletee maji!"

"Ndiyo hayo uliyoyakalia."

"Basi nisindikize, au huna adabu?" Lilijua akitembea, yai litaanguka.

"Twende," Faki akasema, akaburuta miguu polepole, yai juu yake. Mgeni hamwachi nyuma anayemsindikiza. Zimwi likangoja, likangoja, likangoja, hata jua likachomoza.

Mkewe akarudi. "Dimbwi hili la nini?"

"Mgeni. Nimemsindikiza mpaka mwisho."

Nanyi nimeshawasindikiza. Kalaleni.